Aliyeshinda ni Mwinuko, Sisi Tulishangilia Tu

Jumamosi ile jioni, filimbi ya mwisho ilipolia, watu waliingia uwanjani kama maji yaliyobomoa tuta. Kipa akabebwa juujuu, nahodha akabebwa, na mwanachuo mmoja wa mwaka wa kwanza akavua sweta kwenye baridi ya Julai ya Sumbawanga, akalizungusha juu ya kichwa mpaka mkono ukachoka. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kimewafunga wageni, timu ya chuo kutoka Katavi, mabao mawili kwa moja. Mimi nilibaki kwenye jiwe langu karibu na goli linalotazama milima ya Mbizi, daftari mapajani, uso umenikunjamana. Kijana wa bodaboda aliyenirudisha nyumbani, niliyemfundisha darasa la nne, aliniuliza kwa upole, "Shikamoo Mwalimu. Unaumwa?" Nikamwambia siumwi ila tumecheza vibaya. Alinyamaza mpaka tukafika Kizwite, ndipo akasema maneno ambayo tangu siku hiyo nimeyasikia sokoni, kwenye kijiwe cha kahawa na hata msibani: "Lakini Mwalimu, ushindi ni ushindi."

Naandika kuikataa kauli hiyo. Naikataa nikiwa shabiki wa timu hii tangu nilipokuwa mwanachuo nikiichezea beki ya kulia, na sijawahi kuwa na timu nyingine ya moyoni. Anayedhani nawaonea wivu vijana hanijui. Nawapenda, na kwa sababu hiyo siwezi kuwaambia wamecheza vizuri wakati nimeona kwa macho yangu hawakucheza.

Tuanze na mabao yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayotajwa kama ushahidi. Bao la kwanza lilitokana na mpira wa adhabu uliotengwa hatua chache tu mbele ya mstari wa kati. Beki wetu alikusudia kuujaza ndani ya boksi, wenzake wapige kichwa. Alinyanyua mkono kuwaonyesha waende nguzo ya mbali, na wote wakaenda. Mpira ukapaa, ukashikwa na upepo wa kiangazi uliokuwa ukivuma kuelekea goli la wageni, ukaongezeka mwendo angani badala ya kupungua. Kipa wao alikuwa ametoka hatua mbili kusubiri krosi. Akarudi nyuma huku akitazama juu, akaruka, ukampita juu ya vidole. Mpigaji alishika kichwa kwa mshangao kabla ya kukumbuka kushangilia. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake.

Bao la pili likaja dakika ya sabini na nane. Wageni walikuwa wameisha. Beki wao wa kati aliinama, mikono magotini, mdomo wazi, na winga wao alikuwa amekaa chini akinyoosha msuli uliombana. Kipa wetu akabutua kama alivyobutua mchana kutwa, mpira ukadunda mara moja mbele ya yule beki aliyeinama, naye hakuweza kugeuka. Mshambuliaji wetu akabaki na kipa, akafunga. Alifunga kwa utulivu na nampongeza kwa hilo. Lakini lazima tuulize ni nani aliyemchosha yule beki. Hatukumchosha sisi kwa pasi zetu, maana hatukuwa nazo. Alichoshwa na mahali alipokuwa amesimama.

Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi anayovuta mgeni inampa oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Aliyezaliwa hapa, aliyepanda na kushuka vilima vya Ufipa tangu utotoni akiwa na gunia la mahindi au debe la maji, mwili wake umeshazoea. Anayetoka Mpanda, kule Katavi, chini yetu kwa mamia ya mita, huanza kulipa deni hilo kipindi cha pili. Hewa hiyohiyo nyepesi hupunguza ukinzani, mpira uliopigwa juu ukaenda mbali zaidi kuliko mpigaji wa bondeni alivyozoea. Ongeza upepo wa kiangazi, na kiwanja chetu kinakuwa mchezaji wa kumi na mbili ambaye hatolewi na refa.

Hii ni zawadi ya Mungu kwa Ufipa, wala sioni haya kuipokea. Tatizo linaanza tunapoihesabu zawadi kuwa ni uwezo wetu. Bolivia wanalijua hili kuliko sisi. Tarehe 1 Aprili 2009, mjini La Paz, kwenye kimo cha takriban mita 3,600, waliifunga Argentina 6-1. Argentina ile ilikuwa na Lionel Messi uwanjani na Diego Maradona kwenye benchi. Nchi nzima iliimba. Kombe la Dunia la Afrika Kusini lilipofika mwaka uliofuata, Argentina walikuwepo na Bolivia hawakuwepo, kwa kuwa tiketi hutafutwa nyumbani na ugenini, na ugenini mlima haupandi ndege pamoja nawe.

Hapa ndipo watu wa kijiweni hunitolea silaha yao kubwa. "Mwalimu, hata Simba alipigwa hapahapa." Kweli, alipigwa. Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons ya Mbeya iliutumia uwanja wa Nelson Mandela kama nyumbani, na tarehe 22 Oktoba 2020 Simba, bingwa mtetezi, akafa 1-0 mbele ya macho yetu kwa bao la Samson Mbangula. Nilikuwepo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na siku mbili nzima nilifundisha kwa kunong'ona. Ulikuwa ushindi halali, na nitawasimulia wajukuu. Lakini anayeitumia mechi ile kunifunga mdomo aendelee kusoma kalenda. Siku nne baadaye, tarehe 26 Oktoba, Simba haohao walifungwa tena 1-0 na Ruvu Shooting, jijini Dar es Salaam, kusiko na mwinuko wala baridi. Yaani wiki ile Simba walikuwa na shida zao wenyewe, nasi tukaziita ushujaa wa Rukwa. Msimu ulipokwisha, ubingwa ulikuwa kwa Simba. Waliopoteza walikwenda kutazama kilichowapotezea. Sisi tulioshinda hatukutazama kitu.

Nasema hivi kwa sababu aliyeshindwa huwa na faida moja ambayo mshindi hupokonywa na shangwe: anaulizwa maswali. Mechi yetu ingeisha kwa sare ya moja kwa moja, mwalimu wa michezo angeulizwa Jumatatu kwa nini kiungo mkabaji hakugeuka na mpira hata mara moja. Ingeisha kwa kufungwa, angeulizwa kwa nini beki wa kulia alipanda kila mara na hakuna aliyeziba nafasi yake. Tulishinda, basi hakuna aliyeulizwa. Makosa yote yamelala salama chini ya mabao mawili.

Nayo yalikuwa mengi. Bao tulilofungwa lilitokana na pasi tano za chini, na naweza kuzichora. Kipa wao alimpa beki wa kushoto. Beki akampa kiungo aliyeshuka. Kiungo akarudisha nyuma kwa beki wa kati, na wetu watatu wakamkimbilia kwa pamoja kama kuku waliorushiwa mtama. Beki yule akapenyeza katikati ya hao watatu, mpira ukamkuta mtu peke yake mahali ambapo beki wetu wa kulia alipaswa kuwa. Krosi ya chini, goli. Hakuna mchezaji wetu aliyegusa mpira tangu mkono wa kipa wao mpaka nyavu zetu. Na walifanya hivyo kipindi cha kwanza, upepo ukiwapiga usoni, kwa sababu timu inayopigwa na upepo hulazimika kuuweka mpira chini. Sisi tulipopigwa na upepo kipindi cha pili tuliendelea kupaisha. Niliandika daftarini: kati ya mipira tisa ambayo kipa wetu aliibutua kabla ya lile bao la pili, miwili tu ilimfikia mtu wetu. Mingine ilirudishwa na upepo kama barua isiyo na anwani.

Mshambuliaji wetu alipoteza nafasi tatu za wazi, na sitazihesabu. Kupoteza nafasi ni ubinadamu. Kutojua utafanya nini na mpira ukiwa huna presha ni jambo la kufundishwa, na halijafundishwa.

Wapo wenye hoja nzito zaidi ya ile ya Simba, nao nawaheshimu. Husema, Mwalimu, wewe unataka kandanda la kupendeza, na kandanda la kupendeza halijazi kabati vikombe. Hutaja Ugiriki iliyochukua ubingwa wa Ulaya mwaka 2004 kwa 1-0 dhidi ya Ufaransa, 1-0 dhidi ya Czech na 1-0 dhidi ya Ureno. Hawakupendeza, walishinda. Nakubali kila neno hapo, na naongeza kwamba Ureno walikuwa wenyeji wa mashindano yale, na Ugiriki waliwafunga mara mbili kwenye nchi yao, mechi ya ufunguzi na fainali. Hawakuwa na upepo wao wala mwinuko wao. Walikuwa na mpango wa Otto Rehhagel ambao kila mchezaji aliujua akiwa usingizini: nani anamkaba nani, kona inapigwa wapi, nani anaruka. Ushindi wao ulikuwa mbaya machoni, lakini uliweza kurudiwa kesho yake. Mimi sidai uzuri. Nadai ushindi ambao aliyeupata anaweza kueleza ameupataje, akaufanya tena kwingine. Yule beki wetu aliyeshika kichwa kwa mshangao, mwambie arudie.

Tusiende hata Ulaya. Agosti 2025 tuliandaa mashindano ya CHAN pamoja na Kenya na Uganda. Taifa Stars waliongoza kundi lao: wakaifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, wakatoka sare tasa na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nchi ikalipuka. Nani alitaka kusikia kwamba bao la kuiua Mauritania lilisubiriwa mpaka dakika ya 89, na kwamba aliyelifunga ni beki wa kulia, Shomari Kapombe, baada ya washambuliaji kuhangaika jioni nzima? Niliyasema hayo kijiweni nikaambiwa mimi si mzalendo. Tarehe 22 Agosti, kwenye robo fainali, kwa Mkapa, Morocco wakatufunga 1-0 na sisi hatukupata bao. Madagascar, ambao tuliwafunga kwenye kundi, walifika fainali. Wao waliondoka kwenye mechi yetu wakiwa na la kurekebisha. Sisi tuliondoka tukiwa na la kusherehekea.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hii si timu ya ligi kuu. Hii ni timu ya chuo cha ualimu. Kijana anayevaa jezi namba sita leo, miaka michache ijayo atakuwa kwenye shule ya msingi Mtowisa, au Kirando, au kijiji fulani Kalambo ambako gari hufika mara moja kwa siku. Akiripoti tu, mwalimu mkuu atamtazama kifua na miguu, atasema, "Wewe kijana, michezo ni ya kwako." Atakabidhiwa mpira mmoja uliochanika, watoto arobaini, na mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ya kata baada ya wiki sita. Atawafundisha nini? Atawafundisha alichojua kuwa kinaleta ushindi. Ikiwa chuoni alijifunza kwamba ushindi ni kubutua na kumwachia upepo, watoto wa kijiji kizima watabutua.

Nayajua haya kwa kuwa niliyatenda. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikuwa na mtoto wa darasa la tano, mwembamba kama bua la mtama, miguu peku. Mpira ulikuwa ukimfika unalala. Hakuwa na mbio wala nguvu, ila kila alipoupata alikuwa ameshaona kitu ambacho wenzake hawajakiona. Nilimweka benchi. Niliwapanga wakubwa, wale waliochelewa kuanza shule, wenye vifua na ndevu changa, nikawaambia wapige mbele wakimbie. Tukashinda kata. Tukabebwa kwenye trekta kurudi kijijini, wazazi wakatuchinjia mbuzi, na mratibu wa elimu akanipa mkono. Wilayani tukakutana na watoto waliojua kuutuliza mpira, tukafungwa matano. Yule mdogo alitazama mechi zote hizo akiwa amevaa jezi iliyomfika magotini, na mwaka uliofuata hakuja tena mazoezini. Nilipomuuliza alisema, "Mimi sina nguvu, Mwalimu." Hakuna mtu mwingine aliyemfundisha sentensi hiyo. Nilimfundisha mimi, kwa ushindi wangu.

Ndiyo maana siwezi kusikia "ushindi ni ushindi" nikatabasamu. Kwenye ligi ya kulipwa kauli hiyo ina kisingizio: kuna mishahara, kuna kushuka daraja, kuna kocha atakayefukuzwa wiki ijayo. Chuoni kisingizio hicho hakipo. Hakuna mwanachuo atakayeshuka daraja. Timu ya chuo ni darasa, na darasani mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa kubahatisha huitwa ubaoni aonyeshe njia. Kila mwalimu wa hesabu katika mkoa huu hufanya hivyo. Kwa nini mwalimu wa michezo asifanye?

Wengine wananiambia nitawavunja moyo vijana. Nimekaa na vijana hao. Jumatatu jioni nilikwenda bwenini nikakaa na wanne kati yao, sitawataja, tukala ugali na dagaa wa Kirando. Nilipofungua daftari walinyamaza kidogo, kisha kiungo mkabaji akasema mwenyewe kabla sijafika kwake: "Mwalimu, mimi nilikuwa naogopa kugeuka, hakuna anayenipigia kelele kwamba nyuma pako salama." Hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyasikia wiki nzima, na limetoka kwa mchezaji. Wanajua. Wanachovunjwa nacho moyo ni sisi kuwasifia kwa kitu wanachojua hawakukifanya, kwa sababu sifa ya namna hiyo inawaambia hatukuwa tukitazama.

Kisha kuna wale wa kamati ya ufundi, na sina maana ya benchi. Nasikia wanapita mtaani wakinong'ona kwamba lile bao la upepo "lilitengenezwa", kwamba kuna mtu alikesha. Wazee wanasema jina la mji huu maana yake ni tupa uchawi, kwamba anayeingia hapa auache mlangoni. Basi na tuutupe, na pamoja nao tutupe kila maelezo ya ushindi yanayomwondoa mchezaji ndani yake: uganga, bahati, upepo, mwinuko. Yakishaondoka yote hayo, tutazame kilichobaki mkononi. Jumamosi ile kilibaki kidogo mno.

Kwa kocha wetu, ambaye najua anajitolea na halipwi hata nauli, nina ombi moja. Wiki hizi mbili kabla ya marudiano, akiwapeleka vijana mazoezini, awachezeshe wakipiga dhidi ya upepo, nusu kiwanja, mpira usipite juu ya goti. Atakayepaisha atoke. Amfundishe beki wa kulia kwamba akipanda, kiungo mkabaji anashuka, na kiungo mkabaji asikie sauti ya mtu nyuma yake kila anapopokea mpira. Mambo matatu hayo tu. Hayahitaji fedha wala jezi mpya.

Marudiano yako Katavi, saa kumi jioni, kwenye joto, na mlima tutauacha nyumbani.